Mama Hataki "Kiti cha Wagonjwa"

Somo yangu, shikamoo.

Mimi ni mtoto wa Pangani. Naishi Houston, Texas, huu mwaka wa kumi na mbili, pamoja na mume wangu na watoto watatu. Mwezi wa nne Mungu alitujalia tukamleta Mama kuja kutembea. Ana miaka 71. Akili yake iko timamu kunishinda mimi. Hesabu ya dukani anaimaliza kichwani kabla sijafungua simu, maana alisomesha shule ya msingi miaka mingi. Kilichomtupa mkono ni magoti. Daktari alimwambia yamelika. Ndani ya nyumba anatembea na mkongojo wake. Jikoni anasimama akageuza chapati tatu, ya nne anavuta kiti. Kutoka mlangoni mpaka kwenye gari lazima apumzike mara moja, na akipumzika hujifanya anatazama maua ya jirani.

Sasa watoto tuliwaahidi Disney World, zile bustani kubwa za michezo ya kupanda kule Orlando, Florida, wiki ya pili ya Julai, siku tatu. Tiketi za ndege tunazo, hoteli tumelipa. Kilichobaki ni Mama.

Nikueleze kwanza kilichotokea mwezi wa tano. Tulimpeleka kwenye bustani ya wanyama, tukakodi kiti cha magurudumu pale mlangoni, mume wangu akawa anasukuma. Somo, nilijuta. Kila tulipofika dirishani kununua kitu, muuzaji alimruka Mama akaniuliza mimi: "Yeye anataka nini?" Na Kiingereza Mama anakijua vizuri. Watoto walipotaka kwenda kuwaona twiga kwa karibu, mume wangu alimwegesha Mama kivulini, akafunga breki, akaenda nao. Alimwegesha ameelekea ukuta. Hakufanya kwa ubaya, hakuangalia tu. Niliporudi kutoka chooni nikamkuta Mama ametulia anatazama matofali.

Siku ile hakusema kitu. Usiku nilipompelekea dawa zake ndipo akaniambia, "Leo nimekuwa begi." Akazima taa.

Tangu hapo neno kiti halitaki. Mume wangu ameona mtandaoni zile skuta za umeme za kukalia, zenye usukani, ambazo mtu anaendesha mwenyewe. Tulipomgusia, Mama alijibu: "Mimi si kiwete. Simba nimewaona Saadani. Niwafuate Marekani nimekalia kiti cha wagonjwa?" Dada yangu aliyeko Tanga naye akanipigia, eti Mama alitoka kwake akitembea kwa miguu yake, mimi nataka picha za namna gani zionwe na ukoo? Mume wangu mwanzo alishauri tumwachie Mama runinga na simu hotelini, tukirudi jioni tumletee chakula. Halafu rafiki yetu mmoja akamwambia kwamba mwenye kiti cha magurudumu hupitishwa mbele ya kila foleni, yeye na familia yake yote. Tangu asikie hilo, mume wangu ndiye anayenisukuma nimshawishi Mama twende naye! Niliudhika, lakini sitakudanganya, nami niliwaza wanangu kwenye jua la Julai.

Nakuuliza: mtu ambaye hajapata kuendesha hata baiskeli ataiweza skuta hiyo? Inaingia wapi, haiingii wapi? Hilo la foleni ni kweli? Na Mama nimwambieje?

Binti wa Pangani, Houston

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako niliisoma nikafika kwenye "Leo nimekuwa begi," nikaiweka chini kwanza nikamimina chai. Mwalimu ni mwalimu. Begi huvutwa, huegeshwa, huulizwa mwenyewe ni nani. Neno moja limemaliza kesi nzima, na jibu langu lote linatoka humo.

Tuanze na skuta yenyewe, maana nadhani nyumba nzima mnaichanganya na kile kiti. Kiti cha magurudumu mlichokodi kinaendeshwa na aliye nyuma. Aliyekaa haamui kitu, hata upande wa kutazama. Skuta ya umeme ina usukani mbele, ufunguo, honi na kikapu, na anayeamua ni aliyekaa. Yule fundi wa Michigan aliyeitengeneza ya kwanza mwaka 1968, Allan Thieme, alikuwa na shughuli za mabomba na mitambo ya joto. Aliiunda kwa ajili ya ndugu wa familia yake aliyekuwa na maradhi ya mishipa ya fahamu. Akaipa jina Amigo, yaani rafiki. Hakuunda kitanda cha hospitali. Aliunda kitu cha kumwezesha mtu kutoka nyumbani kwenda alikotaka.

Nakusimulia hivi kwa sababu mimi mwenyewe nimeikalia skuta. Mwaka juzi, miezi mitatu baada ya kupasuliwa goti, wajukuu walinipeleka hukohuko Orlando, na mengi ya nitakayokwambia nimejifunza kwa makalio yangu.

Kuhusu kuendesha, usiwe na wasiwasi. Chini ya mikono kuna vikonyo viwili vya kidole gumba. Kimoja ukikibonyeza skuta inakwenda mbele, kingine inarudi nyuma huku ikipiga milio ya kukera kama lori la takataka. Ukiachia kidole, inasimama yenyewe. Hakuna pedali, hakuna klachi, wala hakuna cha kuogopa kudondoka kama baiskeli. Halafu kuna kitufe cha mwendo cha kuzungusha, na kwenye skuta nyingi upande mmoja wa kitufe wamechora kobe, upande wa pili sungura. Mama yako amesomesha watoto miaka mingi; habari za mashindano ya sungura na kobe usimweleze wewe, atakueleza yeye. Mwambie tu kwamba ndani ya umati, kwenye miteremko na wakati wa kupanda basi, mwendo ni wa kobe. Sungura ni wa barabara pana asubuhi wakati watu hawajajaa.

Chagua ya magurudumu manne. Ya matatu inakata kona vizuri zaidi, lakini mgeni akikata kona kwa kasi inaweza kuinamia upande. Nyuma kuna mkono mdogo wa kuachia mota ili skuta isukumwe kwa mikono. Huo ukiwa umeachiwa, breki haishiki. Kila asubuhi utazame kabla Mama hajapanda, hasa kama watoto walikuwa wanaichezea usiku. Na watataka kuichezea, ile ni bajaji mbele ya macho yao! Kule aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kuendesha, wala mjukuu hapakatwi. Ni ya mtu mmoja.

Mahali pa kujifunzia mnapo hapo Houston, tena bure. Maduka makubwa ya vyakula ya Marekani huwa yana vigari vya umeme vyenye kikapu mlangoni, kwa mteja yeyote mwenye shida ya kutembea. Nenda na Mama siku ya kazi asubuhi, duka likiwa tupu. Usimwambie ni mazoezi ya Disney. Mwambie mnakwenda kununua mchele na tui, na duka ni refu. Kisha wewe shika orodha, yeye ashike usukani. Mimi siku ya kwanza niligonga rafu ya maboksi ya nafaka, yakaanguka kama manne hivi. Kijana wa dukani akaja akayaokota, akaniuliza mimi, si mwanangu, kama nahitaji msaada wa kupata kitu. Macho yangu yalikuwa usawa wa usukani, yanatazama mbele, na mwanangu alikuwa huko kwenye vitunguu. Nilirudi nyumbani nimenyooka mgongo.

Sasa foleni, na hapa naomba mumeo asome mwenyewe.

Rafiki yenu amewapa habari za zamani. Zamani palikuwa na kadi ya wageni wenye ulemavu, na watu wakaichezea. Mwaka 2013 magazeti yaliandika habari za matajiri waliokuwa wakiwalipa watu wenye ulemavu wawasindikize ili wapitishwe mbele. Mwaka huohuo Disney waliifuta kadi ile, wakaleta utaratibu mwingine unaoitwa DAS, ambao mtu hupewa saa ya kurudi badala ya kusimama kwenye foleni. Mei 2024, kule Orlando, utaratibu huo nao ukabanwa zaidi: sasa unalengwa kwa watu ambao, kwa sababu ya ulemavu wa ukuaji kama usonji au hali inayofanana nao, hawawezi kukaa muda mrefu kwenye foleni ya kawaida. Magoti ya Mama hayamo. Wameandika wazi kwamba atakayebainika kusema uongo ili aupate atafungiwa asiingie tena, na tiketi alizolipia zitapotea. Mumeo akiwa bado anatamani njia ya mkato, mkumbushe bei ya tiketi sita.

Mwenye skuta hupanga foleni kama wengine, ila amekaa. Vijia vingi vya foleni ni vipana vya kutosha skuta ipite. Kwenye baadhi ya michezo ya zamani vijia ni vyembamba, na hapo mhudumu atawaambia saa ya kurudi, kwa kadiri ya muda ambao wengine wanasubiri. Mnakwenda kukaa kivulini, mnarudi. Mnachokipata ni Mama kufika mwisho wa foleni akiwa bado na magoti, na kwa mwenye miaka 71 hicho si kidogo. Siku moja kule mtu hutembea kilomita kumi bila kujua, na wewe umesema Mama anapumzika kabla hajafika kwenye gari.

Kukodi, mna njia mbili. Mnaweza kuchukua skuta ndani, mlangoni pa kila bustani. Hizo ni imara, lakini hazihifadhiwi kwa simu, anayewahi ndiye anayepata, na haitoki nje ya bustani hiyo. Maana yake kutoka kwenye maegesho mpaka mlangoni Mama anatembea, na usiku, akiwa amechoka kuliko mchana, anatembea tena. Pale Orlando hiyo ni safari. Mimi ningekodi kwa kampuni za nje, zinazoleta skuta hotelini na kuichukua mkiondoka. Kwa siku tatu mara nyingi hutoka nafuu, na inalala chumbani kwenu ikichajiwa. Ulizeni mapema kama lazima muwepo kuipokea. Kama mtakuwa na gari la kukodi, ulizeni kama inafunguka vipande na kipande kizito kina kilo ngapi, maana atakayekiinua ni mumeo. Isizidi sentimita 92 kwa upana na 132 kwa urefu, ndiyo kanuni ya pale. Za kawaida za kukodi zinapita bila shida. Cheti cha daktari hakuna atakayewadai. Mwisho, fungeni khanga kwenye kiti. Skuta za kukodi zinafanana kama mayai, na mkitoka kwenye mchezo mtazikuta kumi zimepangwa. Ya kwangu ilikuwa na khanga ya kisutu, nikaiona kutoka ng'ambo ya ziwa.

Inaingia wapi? Mabasi yao yana njia ya mteremko inayoteremshwa mlangoni, na mwenye skuta hupandishwa kabla ya wengine. Hapo mtasikia watu wakiguna. Waguneni nao kimoyomoyo, pandeni. Treni ya juu na kivuko cha kwenda Magic Kingdom, mojawapo ya bustani za pale, vyote vinaichukua. Vile vigari vya angani vya kwenye kamba vina kituo cha pembeni ambapo kigari husimama kabisa ili skuta iingie bila haraka. Magic Kingdom, barabara ya mwanzo ina reli za tramu ya farasi. Tairi dogo likiingia kwenye reli linanasa, kwa hiyo Mama azikate moja kwa moja, asiambae nazo.

Kwenye michezo yenyewe kuna hali tatu. Kumbi za maonyesho, anaingia na skuta yake. Baadhi ya mashua na magari, skuta inabaki nje anahamia kiti cha magurudumu cha palepale. Na mingi iliyobaki, lazima ashuke akae kwenye kiti cha mchezo. Mama anaweza hatua chache, kwa hiyo mlango haujafungwa. Mwanzoni mwa kila foleni muulizeni mhudumu: skuta inaishia wapi, na kutoka hapo ni hatua ngapi? Swali hilo aulize Mama mwenyewe. Wewe kaa nyuma, ufunge mdomo. Najua ni vigumu.

Sasa niseme kuhusu simba wa Saadani, maana Mama yako ana hoja kuliko anavyojua.

Kati ya bustani nne za pale, ningewashauri mwanze na Animal Kingdom, ile iliyofunguliwa mwaka 1998. Ndani yake wamejenga kijiji cha pwani ya Afrika Mashariki, na jina lake ni Harambe. Waliokibuni walitazama miji kama Lamu, wakaweka kuta zilizochunika chokaa na vibao vya Kiswahili. Hapo ndipo panapoanzia safari ya magari iitwayo Kilimanjaro Safaris, karibu dakika 20 kwenye mbuga ya eka 110, na simba wamo. Karibu na hapo kuna kijia cha kuwatazama gorila, ambacho leo kinaitwa Gorilla Falls. Mpaka mwaka 2016 jina lake lilikuwa, shika kiti, Pangani Forest Exploration Trail. Msitu wa Pangani, una gorila, Florida! Hebu mpe Mama habari hiyo wakati wa chakula, uone. Mwalimu wa Pangani aambiwe kwamba Wamarekani walitangaza kwa miaka mingi msitu wa kwao wenye gorila, halafu akubali kubaki hotelini na runinga? Atataka kwenda kuwasahihisha. Mimi nilipoambiwa "Jambo!" na kijana wa pale, nikamjibu, "Sijambo, habari za kwenu?" akaganda. Nilicheka mpaka mjukuu akaona aibu.

Kijia cha gorila anakipita chote amekaa kwenye skuta yake, anasimama anapotaka. Kwenye gari la safari, kama ataweza hatua za kupandia, akae kwenye benchi kama wengine. Kama hawezi, kuna magari yanayochukua kiti cha magurudumu, ila skuta itabaki nyuma na atahamia kiti chao. Hapo ndipo penye hatari, mwanangu. Hapo atakuwa tena kwenye kiti kinachosukumwa. Mwambieni mapema, tena msukumaji awe mjukuu wake mkubwa aliyeelezwa vizuri kwamba Bibi hasukumwi kabla hajasema twende, wala haegeshwi kabla hajasema hapa. Na gari lile linaruka kwenye mashimo ya makusudi kama barabara ya Muheza kwenda Pangani enzi za mvua, kwa hiyo mto wa kukalia usikose. Hata njia za Harambe zenyewe wamezitia mikwaruzo na mabonde zionekane za kale. Kobe, si sungura.

Nendeni mlango unapofunguliwa. Asubuhi wanyama wako nje na jua halijakasirika. Mwekeni mtoto mmoja atangulie mbele ya skuta hatua mbili, awe kondakta, kwa sababu watu wa kule hutembea wakitazama simu na husimama ghafla. Visigino vya watu ndiyo ajali kubwa ya skuta. Mwezi wa saba adhuhuri ya Orlando inaingia kama saa saba na nusu mchana; basi wakati huo Mama arudi hotelini aswali, apumzike, aliyechoka arudi naye, wengine waendelee. Si lazima siku zote tatu. Pengine siku moja na nusu inamtosha. Mwacheni yeye aihesabu.

Haya, utamwambiaje? Kwanza uanze na samahani, na mumeo awepo. Samahani ya ukuta ule, itajwe kwa jina lake: tulikuegesha ukatazama matofali, tulikosea. Nyumba nzima mmekuwa mkizungumza kiti, hakuna aliyezungumza ukuta. Nadhani anachokikataa si magurudumu. Ukishasema hilo, nyamaza. Usiunganishe palepale na "kwa hiyo twende." Acha siku mbili zipite, ndiyo mwende dukani kununua mchele. Baada ya hapo muulize kama anataka kwenda au la, na akisema hataki, liwe jibu. Hapo mtafute namna nyingine, lakini wazo la runinga na chakula cha jioni mumeo alifute, hiyo ni begi limeachwa chumbani.

Neno kiwete nalo usilipite kimya. Mwulize taratibu anamwogopa nani. Pangani wapo watu wanaotembelea baiskeli za magurudumu matatu, wanauza vocha, wanasomesha watoto, na baadhi bila shaka walikuwa wanafunzi wake. Aliwaheshimu. Sasa ni zamu yake kujiheshimu hivyohivyo, lakini afikie hapo mwenyewe. Wewe uliza tu.

Dada yako wa Tanga ana uchungu, yuko mbali, hana la kufanya ila kupiga simu. Usibishane naye. Picha zote za safari ziingie kwenye simu ya Mama, na Mama ndiye achague ipi iende kwenye kundi la ukoo. Kama ni ile ya skuta, iende. Kama ni ya amekaa kwenye benchi na wajukuu, skuta haionekani, iende hiyo.

Skuta itakapoletwa hotelini, mpe Mama ufunguo mkononi, si mumeo. Aizungushe kwanza kwenye maegesho asubuhi na mapema kabla watoto hawajaamka, wewe kaa pembeni na kikombe chako.

Na mvua. Orlando mwezi wa saba mchana hupiga radi na mvua karibu kila siku, nusu saa, kisha jua. Skuta haipendi maji kwenye usukani, maana ndiko kwenye swichi. Zile kofia za plastiki za kuogea za hotelini chukua mbili: moja ya Mama, moja ya usukani.

Wako Somo